Kuihamisha Korongo

Wanawake wa jumuiya walizoea kumtania Mwalimu Celestina baada ya misa. "Mke mwenzio hajambo?" wangemuuliza, naye angejibu, "Hajambo. Wiki hii amekunywa rangi kopo zima." Wote wangecheka, na yeye angecheka pamoja nao. Kisha angerudi nyumbani, awapakulie watoto chakula cha mchana bila baba yao, kwa sababu baba yao, Rwegasira, siku za Jumapili hakuonekana mpaka jua limezama.

Mke mwenza huyo alikuwa mashua. Jina lake Korongo.

Korongo haikufanana na chombo kingine chochote cha Mwanza. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa mipana na mizito, imepakwa lami, imebeba nyavu na madumu. Korongo ilikuwa nyembamba, nyeupe, yenye mlingoti mrefu na kachumba kadogo chini ya sitaha ambamo mtu mzima aliweza kulala lakini hakuweza kusimama. Ilijengwa Kisumu kabla ya Vita vya Pili na fundi mmoja Kalasinga, kwa ajili ya Mwingereza aliyekuwa meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mbao zake ni za mvule wa Uganda, zimeshikwa kwa misumari ya shaba. Chini kabisa, kwenye mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ulifungwa mche mrefu wa madini ya risasi, uzito wa kuifanya isimame wima upepo unapoilaza.

Meneja aliondoka, akamwachia mwenzake. Mwenzake akamwachia mwingine. Wa mwisho alikuwa daktari mmoja Mzungu, aliyeiacha ufukweni miaka michache baada ya Uhuru akarudi kwao. Rwegasira, wakati huo kijana kutoka Bukoba aliyeajiriwa kupima kina cha maji kwa ajili ya bandari, aliikuta imejaa majani makavu, na ndani ya kachumba kuku wameatamia mayai. Aliandika kuulizia. Daktari akamjibu kwamba aichukue, mradi asiigeuze kuni.

Hivyo ndivyo Celestina, mwalimu wa jiografia aliyekuwa na ndoa changa, alivyojikuta akishona matanga ya turubai kwa cherehani ya mguu sebuleni, kitambaa kimetandazwa mpaka barazani. Ndivyo alivyojifunza kutia kalafati: kusokota pamba mbichi ya Usukumani, kuisukumiza kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, kisha kuziba kwa putii. Kila mwaka, kiangazi, Korongo ilipandishwa juu ya reli iliyotoka majini, ikaparuliwa, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi. Mikono ya Celestina ilinuka vanishi hata alipokuwa akisahihisha madaftari.

Na walisafiri. Walikwenda Kome, wakaenda Ukerewe, na mara moja walifika Bukoba, watoto wamefungwa kamba viunoni kama mbuzi. Safari zote hizo Rwegasira alikaa kwenye usukani, na Celestina alikaa mbele yake ameshika demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga. "Celestina, kaza!" "Celestina, legeza!" Hakuwahi kumwambia, "Njoo ushike usukani kidogo." Celestina naye hakuwahi kuomba. Alidhani siku moja atapewa.

Rwegasira alifariki mwaka wa tisini na nne, kwa ugonjwa wa ini, wakati wa mvua za masika. Walimzika kwao Kamachumu, kwenye migomba ya baba yake. Watu walijaa. Siku ya kuanua matanga, shemeji zake walikunja mikeka, wakaosha masufuria, wakaagana naye. Watoto wawili, Kashaija na Justa, wakarudi makazini kwao, mmoja Dar es Salaam na mwingine Arusha. Celestina akarudi Mwanza peke yake, akafungua nyumba, na jambo la kwanza aliloliona ukumbini ni mfuko mrefu wa matanga ya Korongo, umeegemezwa ukutani pale pale mumewe alipouacha.

Aliketi kwenye kiti akautazama. Hakulia. Kilichomjia kilikuwa hasira, hata yeye mwenyewe akaishangaa. Miaka yote ile aligawana mume wake na mbao. Sasa mume amekwenda, na mbao zimebaki, nazo zinataka rangi.

*

Angeweza kuiacha. Wengi walimshauri hivyo. Lakini Jumamosi ya kwanza alijikuta anateremka ufukweni, nyuma ya Kirumba, kulikokuwa na kiwanja cha klabu ya zamani ya mashua. Klabu yenyewe ilikuwa imebaki jina tu. Paa la banda lilikuwa limeanguka upande mmoja. Waliokuwa wanachama ama walikuwa wamekufa, ama wamestaafu na kurudi vijijini, ama wamenunua mitumbwi yenye injini na kuingia kwenye biashara ya sangara. Aliyebaki ni mzee Shimba, mlinzi, na Korongo ikielea kwenye boya lake.

"Shikamoo, mzee Shimba."

"Marahaba, Mwalimu. Pole tena. Nimekuwa nikiichota maji. Inavuja kidogo kwa nyuma."

"Nimekuja kuitazama tu."

Alitazama, kisha akavua viatu, akapanda mtumbwi mdogo, akafungua kachumba. Ndani kulikuwa na kikombe cha bati cha Rwegasira na sweta lake. Alivisogeza pembeni, akachukua ndoo, akaanza kuchota.

Kuanzia hapo alikwenda kila Jumamosi. Baadaye, alipostaafu, alikwenda karibu kila siku. Hakuisafirisha popote, hakujua kuisafirisha. Aliitunza tu, kama mtu anavyofagia kaburi. Kazi ya mbao ina wema wake: inaanza, inaendelea, inakwisha, mkono unaona ulichofanya. Nyumbani ilikuwa vingine. Redio ilizungumza, simu haikulia, na jioni ikifika alipika ndizi za mtu mmoja, sufuria ikionekana kubwa kuliko jana.

Mji nao ulikuwa unabadilika mbele ya macho yake. Zilikuwa zama za ruksa. Kila aliyeweza kuuza aliuza, kila aliyeweza kununua alinunua. Viwanda vya minofu vya samaki viliota kandokando ya ziwa. Ndege za mizigo ziliondoka na sangara kwenda Ulaya, na wenyeji wakabaki kununua mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki. Magugumaji nayo yaliingia, majani mazito ya kijani yenye maua ya zambarau, yakifunika ghuba asubuhi na kuondoka jioni kadiri upepo ulivyotaka. Kisha meli ya abiria kutoka Bukoba ilizama, mwezi Mei wa mwaka wa tisini na sita, na karibu kila nyumba ya Kihaya mjini ikawa na msiba. Celestina alikaa kwenye matanga ya majirani wiki baada ya wiki. Tangu hapo, aliposema kwamba anatoka ufukweni kwenye mashua, watu waligeuza mazungumzo.

*

Julai ya mwaka uliofuata aliipandisha Korongo kwenye reli kwa matengenezo makubwa. Shimba alizungusha winchi kwa mikono, yeye akaongoza kwa kamba. Mbao mbili za chini zilikuwa zimelika. Kupata mvule mkavu kulichukua muda mrefu kuliko alivyofikiri, na jua la kiangazi likaendelea kuikausha mashua mpaka ukiweka jicho ubavuni unaona mwanga upande wa pili.

Mbao mpya zilikuwa zimekwisha kuingia mahali pake pale alipokuja kijana mmoja mwenye suti na viatu visivyofaa mchangani, akifuatana na watu wawili wa kupima ardhi. Alimwamkia vizuri, akajieleza vizuri. Kiwanja kilikuwa kimepata mwekezaji. Hapo pangejengwa ghala la barafu la kuhifadhia samaki, na gati. Ujenzi ungeanza mwezi ujao.

"Na hii mashua?" aliuliza Celestina.

"Mama, sisi hatuna shida na mashua. Ila ikifika mwisho wa mwezi iwe imetoka. Unaweza kuiuza. Kuna watu watainunua kwa ajili ya hiyo risasi ya chini. Sasa hivi wavuvi wanatafuta risasi kama dhahabu, ya kutengenezea chubwi, vile vizito vya nyavu."

Alimshukuru. Hakujua amshukuru kwa nini.

Siku chache baadaye alifika asubuhi akamkuta Shimba amesimama nyuma ya Korongo, kofia mkononi. Kipande cha risasi, karibu urefu wa mkono, kilikuwa kimekatwa kwa msumeno kutoka mwisho wa mkuku. Unga wa risasi ulimetameta mchangani.

"Nilikuwa upande wa geti," alisema Shimba. "Mwalimu, sikusikia kitu. Wallahi sikusikia."

Celestina alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye jeraha lile. Risasi pale ilipokatwa ilikuwa nyeupe na laini. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alilia, tena kwa sauti, mikono ikiwa imeshika mkuku, na Shimba akageuka akatazama ziwa, maana hakujua mtu afanye nini mwalimu anapolia.

Alipomaliza, alijifuta kwa kitenge. "Mzee Shimba, tunahitaji mawe."

"Mawe?"

"Imepungukiwa uzito. Tukiishusha hivi, upepo utailaza. Tutaweka mawe ndani."

Mawe ni kitu ambacho Mwanza haijawahi kukosa. Waliyachagua ufukweni, yale yaliyotoshana na kichwa cha mtoto, wakayatia kwenye magunia ili yasibiringike, wakayapanga chini ya sakafu ya kachumba. Migongo iliwauma wote wawili. Shimba alicheka mara moja tu. "Watu wanatoa mawe kwenye mtumbwi, sisi tunatia," alisema.

Pa kuipeleka palikuwa mahali pamoja tu: ng'ambo, Kamanga. Pale kivuko kinapotia nanga, kaskazini kidogo, palikuwa na ghuba ndogo iliyojificha nyuma ya mwamba. Mwenye shamba la pale, mfugaji aliyeitwa Ndalahwa, binti yake alisoma kwa Celestina zamani. Celestina alivuka kwa kivuko kwenda kumwomba. Ndalahwa alimsikiliza hadi mwisho, akatafuna kijiti chake, akamwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, ziwa si langu. Nchi kavu ndiyo yangu kidogo. Leta chombo chako."

"Nani ataiendesha?" Shimba alimuuliza aliporudi.

"Nilifikiri wewe na mimi."

Shimba alitazama chini. Mwekezaji alikuwa amemwajiri kulinda vifaa vya ujenzi, na malori yalikuwa yamekwisha kuanza kushusha nondo. "Nikiondoka lindoni siku moja, Mwalimu, kesho yake nafasi ina mtu mwingine. Unajua hali."

Alijua. Alikwenda Mwaloni, soko la samaki, kutafuta mtu kati ya wavuvi. Walimtazama kwa adabu, wakakataa kwa adabu. Wengine walisema chombo cha namna ile hawakijui. Mmoja, mzee kuliko wenzake, alisema waziwazi kwamba chombo kinachoendeshwa na mwanamke hakimrudishii mtu bahati. Celestina aliondoka akiwa na sato mmoja aliyemnunua ili asionekane amekuja bure.

*

Waliishusha majini siku ya mwisho. Kama alivyotarajia, maji yaliingia kila mahali. Ubao uliokauka hauzibiki mpaka unywe, na kunywa kwake huchukua siku kadhaa. Hakuwa na siku kadhaa. Alilala nyumbani, Shimba akachota maji usiku kucha, na alfajiri kulipopambazuka Celestina akapanda na chupa ya chai, mkate, panga, na ndoo mbili.

"Upepo wa nchi kavu utakusukuma mpaka katikati," alisema Shimba. "Ukikatika, usihangaike. Ngoja wa ziwani."

"Najua."

"Najua unajua." Akaifungua kamba, akaisukuma Korongo kwa mikono, akabaki amesimama maji yakimfika magotini.

Celestina alipandisha tanga kuu. Mikono ilifanya yenyewe. Kisha akarudi nyuma, akakaa mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja, akashika mkono wa usukani. Ulikuwa umelainika kwa kiganja cha mtu mwingine. Mkono wa pili akashika demani. Tanga likajaa, mashua ikainama kidogo, ikaanza kwenda.

Mwanzoni alikosea. Aliusukuma usukani kulia alipotaka kwenda kulia, na Korongo ikaenda kushoto, ikaelekea mitumbwi iliyotia nanga. Mtu mmoja akapiga kelele. Akaugeuza, tanga likapiga makofi, kisha likajaa tena. Lakini macho yake, alitambua, yalikuwa yakijua. Miaka yote ile aliyokaa mbele ameshika kamba, alikuwa akimtazama Rwegasira mikono, mabega, jinsi anavyoinua kidevu kutafuta upepo kwa shavu. Hakufundishwa, lakini alikuwa ameona.

Mji ulirudi nyuma, mawe yake na mabati yake. Kila baada ya muda alifunga usukani kwa kamba, akateremka kuchota maji, akarudi. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Peke yake, bila kujijua, alisema kwa sauti, "Ungenifundisha tu. Ungepungukiwa nini?"

Katikati ya ghuba upepo ulikatika, kama Shimba alivyosema. Tanga likaning'inia. Na hapo, kutoka kaskazini, likaja jambo ambalo Shimba hakulisema: kisiwa kizima cha magugumaji, kikubwa kuliko uwanja wa mpira, kinaelea taratibu na ndege wamesimama juu yake. Hakuwa na kasia la kutosha kuondoka njiani. Alikiona kikija kwa muda mrefu. Kilifika, kikaizunguka Korongo, kikaifunga pande zote, na kikaendelea na safari yake kwenda kusini, kikiibeba.

Aliinama akakata kwa panga. Mizizi ilikuwa mirefu na imesukana kama ukili. Alikata mpaka mkono ukafa ganzi, na palipofunguka pakajifunga. Akaacha.

Mtumbwi wa wavuvi wanne ulipita ukingoni mwa magugu. Wakasimama mbali, maana nao waliogopa kunasa.

"Mama!" mmoja aliita. "Mzee yuko chini?"

"Nani?"

"Mwenye chombo! Mwamshe tuongee naye!"

Celestina alisimama, akashika mlingoti. "Mwenye chombo alifariki. Niko peke yangu."

Walitazamana. "Peke yako kabisa?"

"Peke yangu kabisa." Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo, na yalitoka bila shida, kama mtu anayetaja jina lake.

"Basi tunakutupia kamba, mama. Jifunge, tukuvute juu ya magugu. Chombo kiache, kitatupwa huko mbele, watu watakiokota."

Alifikiri. Hakuna ambaye angemlaumu. Kashaija angeshukuru Mungu. Alitazama mbao mbili mpya, ambazo rangi yake bado haijafanana na za zamani, akatazama sakafu iliyofunika mawe.

"Nashukuru, wanangu," alisema. "Nendeni tu. Mimi nitangoja upepo."

Walikawia kidogo, wakinong'onezana, kisha wakaondoka. Sauti ya injini ilipungua mpaka ikaisha. Jua lilisimama. Harufu ya matope na maua ilipanda kutoka kwenye magugu. Katika maisha yake Celestina alikuwa amekaa peke yake jikoni, kanisani, kwenye kitanda kikubwa. Lakini upweke wa nyumbani daima una mlango. Unaweza kudhani mtu yuko karibu kuingia. Huu wa pale haukuwa na mlango. Alikunywa chai, akala mkate, akachota maji. Akachota tena. Alasiri ilipoanza aligundua kwamba amekaa muda mrefu bila kugusa ndoo. Akainua ubao wa sakafu, akatazama. Maji yalikuwa kidogo tu, chini ya magunia. Muda wote ule magugu yalipomshikilia, mvule ulikuwa ukinywa na kuvimba, na nyufa zikajifunga zenyewe.

Upepo wa ziwani ulikuja mara moja, mkali, kutoka kaskazini. Kisiwa cha magugu kikaanza kumeguka. Mfereji wa maji ukafunguka mbele ya Korongo, ukafunga, ukafunguka tena mpana zaidi. Celestina alikaza demani, akauegemea usukani kwa mwili wote. Mashua ililala mpaka maji yakapanda ukingoni, na kwa kitambo kirefu aliona wazi kwamba mawe hayatoshi. Kisha ikakataa kulala zaidi. Ikasimama kidogo, ikaanza kukata maji. Aligeuza mara nyingi, huku na huku, akirudisha yote aliyopoteza. Meno yalikuwa yameumana na kitambaa cha kichwa kimepeperuka zamani. Jua lilikuwa bado juu ya vilima vya Sengerema alipoizungusha Korongo nyuma ya mwamba, akaangusha tanga, akatupa nanga.

Ndalahwa alikuwa akinywesha ng'ombe. Aliacha fimbo, akaingia majini na nguo zake kushika kamba.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila," alijibu, akakaa palepale kwenye sitaha.

*

Kashaija alikuja mwezi Desemba, mvua zikiwa zimeharibu barabara zote. Alikuwa mhasibu wa benki Dar es Salaam, mtu mwenye haraka na upendo, na alikuja na habari aliyodhani ni njema. Hoteli mpya ya kitalii ilikuwa inatafuta kitu cha kuweka bustanini. Rafiki yake alikuwa ameiona Korongo kutoka kwenye kivuko. Wangeiweka juu ya zege, waipake rangi kila mwaka, waweke taa na viti, watu wakae ndani wanywe.

Walikuwa kwenye kachumba, mvua inapiga sitaha. Celestina alikuwa amempandisha mashuani na suruali yake ya kikazi, na kumkalisha juu ya kitanda cha baba yake.

"Itatunzwa, mama. Milele. Na wewe uje Dar. Chumba kipo. Wajukuu wapo. Huku unakaa na nani?"

"Ubao wa mashua ukikaa nchi kavu unafunguka, Kashaija."

"Watauziba."

"Wataziba rangi juu ya nyufa."

"Mama, mwaka jana tulizika watu wangapi? Nikisikia simu inalia usiku, unajua nafikiria nini? Baba angekuwepo nisingesema kitu. Lakini wewe hujawahi hata kuiendesha."

"Nimeiendesha kuja hapa."

Kashaija hakuwa ameambiwa. Alifikiri imevutwa na boti ya injini. Celestina alimsimulia, kwa ufupi, kama anavyosimuliwa mtu habari za soko. Alipofika kwa wavuvi waliotaka kumtupia kamba, mwanawe alifunika uso.

"Ungeweza kuondoka nao," alisema.

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuondoka?"

Alitafuta jibu la kweli, maana kijana alistahili. "Maisha yangu yote nimeshika kamba ambayo mtu mwingine ananiambia lini nikaze. Siku ile nilikuwa naogopa sana. Lakini nilikuwa nashika vyote viwili, kamba na usukani. Sikutaka kuviachia upesi hivyo."

Kashaija hakuelewa, au alielewa na hakupenda. Walikula wali na dagaa. Kesho yake walipanda kivuko pamoja mpaka mjini, naye kwenye kituo cha treni alimkumbatia kwa nguvu, akasema, "Chumba kipo, mama," na hakusema habari za hoteli tena. Barua zilikuja baada ya hapo, fupi, za heshima. Ilichukua muda mrefu kabla hazijapata joto. Celestina alilipa bei hiyo akijua ni bei, na jioni nyingi aliiona kubwa.

Nyumba ya mjini aliipangisha kwa mwalimu mwenye watoto wengi. Kwa Ndalahwa alijengewa chumba kimoja cha matofali. Mke wa Ndalahwa, Mhoja, alimletea maziwa asubuhi na kukaa naye kidogo. Kiswahili chake kilikuwa kichache na Kisukuma cha Celestina kichache zaidi, kwa hiyo walikaa zaidi kuliko walivyozungumza. Hakuna mtu aliyemuuliza lini ataondoka. Hakuna pia aliyemuuliza alikuwa akiwaza nini.

Kiangazi kilipofika aliiparua Korongo ufukweni, ikiwa imelazwa ubavu huu na kisha ubavu ule, akaipaka rangi. Kisha akasafiri. Alikwenda Kome peke yake, akazunguka kisiwa, akaendelea kaskazini mpaka visiwa vidogo ambavyo kwenye ramani vimeandikwa kwa herufi ndogo. Siku ya pili alikuta ghuba asiyoijua, nyembamba, yenye miamba pande zote mbili. Aliteremsha tanga la mbele, akaingia polepole akisoma rangi ya maji, akatia nanga mahali penye mchanga. Alingoja aone kama itashika. Ilishika.

Wanawake watatu walikuwa ufukweni wanasugua vyungu kwa majani na mchanga. Walisimama kuitazama mashua nyeupe, labda wakingoja Mzungu atoke. Alipotoka yeye, na kanga yake kiunoni na ndoo mkononi, walisogea mpaka ukingoni mwa maji. Kisha mmoja wao akaita juu ya maji:

"Shikamoo, mama!"

Celestina alifungua kinywa kujibu, na sauti haikutoka. Hakuwa amesema na mtu tangu alipoondoka Kamanga. Alikohoa, akameza mate, akajaribu tena.

"Marahaba," alisema. Kisha, kwa kuwa sauti ilikuwa ndogo mno kufika nchi kavu, akaweka ndoo chini na kuita kwa nguvu zake zote: "Marahaba!"